Jeshi la Ufini katika filamu zake: jibu kwa mama ambaye mwanawe ameitwa

Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye sasa anaishi kaskazini mwa Ufini na amekwisha kupata uraia wa huko pamoja na wanawe, ameniandikia kwamba kijana wake anatimiza miaka 18 mwaka huu na amepokea barua ya kumtaka afike kwenye uandikishaji wa jeshi. Kijana mwenyewe hana wasiwasi. Tarehe 6 Desemba iliyopita, siku ya uhuru wa nchi hiyo, alikaa na wenzake wa shule kutazama filamu ya zamani ya vita, isiyo na rangi, akarudi nyumbani akisema kwamba nchi nzima huitazama. Mama anauliza mambo mawili: kwa nini watu walioshindwa vita waipende namna hiyo filamu ya kushindwa kwao, na je, filamu kama hizo zinaweza kumwonyesha jeshi analokwenda mwanawe ni la namna gani, au ni masimulizi ya kujisifu tu? Anaongeza kwamba kule alikotoka, kijana kuingizwa jeshini kulikuwa na maana ya kukamatwa njiani akitoka shambani, na kwamba wengine waliokamatwa hivyo hawakuonekana tena.

Mama, niruhusu nianze na hofu hiyo, kwa sababu filamu haziwezi kueleweka kabla yake. Jambo lililompata mwanao si kukamatwa. Katiba ya Ufini inamwajibisha kila raia kushiriki katika ulinzi wa nchi, na sheria inawahusu wanaume wote kuanzia mwaka wanaotimiza miaka 18 na kwa miaka mingi baada ya hapo. Anayeishi Ufini haondolewi kwa kuwa na uraia wa nchi nyingine pia. Siku ya uandikishaji, ambayo huwa kati ya Agosti na Desemba, vijana wa eneo moja hukusanyika, afya zao huangaliwa, huulizwa habari za masomo na mipango yao, kisha hupangiwa mahali na wakati wa kuanza, kwa kawaida Januari au Julai. Utumishi huchukua siku 165, 255 au 347, kutegemea kazi atakayopewa. Asiyetaka kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake anaweza kuomba utumishi wa kiraia, ambao ni wa siku 347. Wanawake huruhusiwa kujiunga kwa hiari tangu 1995. Baada ya hapo kijana hurudi nyumbani na kuwa askari wa akiba. Huyu askari wa akiba, mtu mwenye shamba lake au karakana yake anayeweza kuitwa tena, ndiye anayebeba karibu kila filamu ya vita ambayo Wafini wanaithamini.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa ufupi: filamu za Ufini husimuliwa na walioitwa, si na waliowaita. Majemadari hawamo, au hupita kwa mbali. Marshali Mannerheim, aliyekuwa amiri jeshi mkuu katika vita vyote viwili dhidi ya Umoja wa Kisovieti, vya 1939–1940 na vya 1941–1944, ni mtu mashuhuri kuliko wote katika historia ya kijeshi ya nchi hiyo, lakini filamu zilizokaa ndani ya mioyo ya watu hazimhusu yeye. Zinahusu kikosi kidogo cha wakulima na vibarua wanaochimba mahandaki, wanaolalamikia chakula, na wanaokufa mmoja mmoja.

Ningependa muanze na Talvisota, yaani Vita vya Majira ya Baridi, iliyoongozwa na Pekka Parikka na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Novemba 1989, miaka 50 kamili tangu Wasovieti walipovamia. Naiweka mbele kwa sababu inaanzia pale pale alipo mwanao sasa, yaani kwenye wito. Ni Oktoba 1939. Mazungumzo kati ya Helsinki na Moscow yamekwama, na serikali inawaita askari wa akiba kwa kile ilichokiita mafunzo ya ziada, ili isiseme wazi kwamba inaandaa vita. Wanaume wa Kauhava, katika mkoa wa Ostrobothnia ya Kusini, wanakusanyika na mabegi yao, wakiwamo ndugu wawili, Martti na Paavo Hakala. Wanapanda treni, wanatembea mwendo mrefu hadi mto Taipale kwenye ukanda mwembamba wa ardhi wa Karelia, eneo la mpaka wa mashariki, wanachimba na kungoja. Filamu inapita saa tatu na haiharakishi kitu. Mtazamaji anajua ukubwa wa handaki, anajua nani analala karibu na nani, na makombora yanapoanza kushuka anajua kila anayeondoka ni mtoto wa nani. Kifo cha Paavo kinakuja ghafla, bila neno la kuaga, mbele ya macho ya kaka yake.

Jeshi lenyewe lilikuwa maskini. Askari wengi wa akiba walipewa bunduki, mkanda na beji ya kofia, wakapigana na makoti waliyotoka nayo nyumbani, na watu wakayaita mavazi hayo kwa jina la waziri mkuu wa wakati huo, Cajander. Vita hivyo vilidumu siku 105, hadi tarehe 13 Machi 1940, na vikaua Wafini wapatao 25,000 katika taifa la watu milioni 3.7. Nchi haikutekwa, lakini ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao.

Kuna jambo moja katika mpangilio wa jeshi hilo ambalo bila kulijua huwezi kuelewa machozi ya watazamaji. Vikosi vingi viliundwa kwa maeneo, watu wa wilaya moja pamoja, hivyo shambulio moja lingeweza kufilisi kijiji kimoja. Na Wafini walikuwa na desturi ambayo mataifa mengi yaliyopigana wakati huo hayakuwa nayo: walijitahidi kuwarudisha maiti wao nyumbani, wakawazika kwenye uwanja wa kanisa la parokia yao. Popote unapoishi, mama, nenda na mwanao kwenye makaburi ya kanisa la mji wenu. Mtakuta safu za mawe yanayofanana, kila jiwe na jina na tarehe mbili, na mkipiga hesabu ya umri mtaona wengi walikuwa na miaka 19, 20, 23. Mkesha wa Krismasi huwashwa mishumaa mahali hapo. Filamu ya Hiljaisuus, yaani Ukimya, ya Sakari Kirjavainen ya mwaka 2011, inawahusu askari waliopewa kazi hiyo ya kuwafuata wafu na kuwaandaa kwa safari ya nyumbani. Si filamu mashuhuri sana, lakini mimi naiona ya haki kuliko nyingi zenye milipuko mingi.

Sasa ile aliyoitazama mwanao. Ni Tuntematon sotilas, yaani Askari Asiyejulikana, ya Edvin Laine, iliyotoka Desemba 1955. Inatokana na riwaya iliyochapishwa mwaka mmoja kabla yake na Väinö Linna, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Finlayson mjini Tampere, ambaye alikuwa amepigana mwenyewe. Inafuata kikosi cha bombomu, bunduki kubwa ya mashine, katika vita vya pili, vinavyoitwa Vita vya Mwendelezo, kuanzia kiangazi cha 1941 hadi Septemba 1944. Wafini wanaingia upande wa Karelia pamoja na mashambulizi ya Ujerumani, wanarudisha ardhi yao, wanavuka hata mpaka wa zamani, kisha wanakaa miaka miwili na zaidi kwenye mahandaki, na mwishoni wanasukumwa kurudi nyuma. Vita hivyo viliua Wafini zaidi ya 60,000, na ardhi ileile ikapotea mara ya pili.

Ili kuelewa kwa nini ilipendwa, fikiria nchi ilivyokuwa miaka kumi kabla. Baada ya 1944 Tume ya Uangalizi ya Washirika, yaani mataifa yaliyoishinda Ujerumani, iliyoongozwa na Wasovieti, ilikaa Helsinki hadi 1947. Lotta Svärd, shirika la wanawake waliosaidia jeshi, lilivunjwa. Mkataba wa amani wa Paris uliweka kikomo cha jeshi lote kuwa chini ya watu 42,000. Na viongozi wa wakati wa vita walihukumiwa kifungo. Wanaume karibu nusu milioni walikuwa wamerudi makwao na mambo wasiyoweza kuyasema hadharani wala, mara nyingi, mezani. Ndipo ikaja filamu ambayo mashujaa wake wanatukana, wanaiba chakula, wanawacheka maofisa, wanaogopa, na bado wanabaki kwenye nafasi zao. Jeshi lilikataa kusaidia utengenezaji wake, kwa hiyo Laine akatia ndani picha halisi za kumbukumbu za vita. Baadhi ya waigizaji nao walikuwa wamepigana. Katika nchi iliyokuwa na watu milioni 4.2, tiketi takriban milioni 2.8 ziliuzwa. Hakuna filamu ya Kifini iliyowahi kuikaribia. Wanaume waliokuwa wamenyamaza miaka kumi waliketi gizani karibu na wake zao, na mambo yao yakasemwa na mwingine.

Mwangalie mhusika aitwaye Rokka. Ni koplo, mkulima kutoka kwenye ule ukanda wa Karelia, ambaye shamba lake lilipotea 1940. Amerudi vitani kwa ajili ya shamba hilo na kwa ajili ya mke na watoto, na si kwa ajili ya kitu kingine chochote. Ni mpiganaji hodari kuliko wote, na hatii nidhamu asiyoiona maana. Afisa mmoja mpenda kwata anaamuru njia ya kambi ipambwe kwa mawe ya mviringo pembeni. Rokka anakataa waziwazi, na anaweka wazi kwamba yuko tayari kupigana lakini hakuja kupanga mawe. Tukio hilo Wafini hulijua kwa moyo. Linawaambia kwamba mtu aliyeitwa na sheria anabaki kuwa raia, na kwamba afisa mwenye akili hulijua hilo. Afisa wa namna hiyo yumo pia: ni Luteni Koskela, mtu wa maneno machache, ambaye hutangulia mahali anapotaka wengine waende.

Kuhusu Koskela kuna jambo ambalo naamini wewe, mama, utalielewa haraka kuliko watazamaji wengi. Linna baadaye aliandika riwaya tatu kuhusu ukoo wake, naye Laine akazitengenezea filamu, ya kwanza ikiwa Täällä Pohjantähden alla ya 1968. Tunajifunza kwamba babake Koskela alikuwa kiongozi wa Walinzi Wekundu, wapiganaji wa upande wa wafanyakazi wa kisoshalisti, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918. Vita hivyo vilidumu miezi michache tu, lakini pamoja na mauaji ya kulipizana na kambi za wafungwa zilizofuata, ambako watu zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa na maradhi, viliondoa roho zaidi ya 36,000. Washindi, yaani Weupe wa upande wa serikali, nao walikuwa wamewaingiza vijana jeshini kwa lazima mwaka huo huo, wakitumia sheria ya zamani ya 1878. Kwa hiyo miaka 21 kabla ya Talvisota, utumishi wa lazima ulikuwa chombo cha upande mmoja wa Wafini dhidi ya mwingine. Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alitarajia kwamba wana wa Wekundu hawatapigana 1939. Walipigana. Walikaa handaki moja na wana wa watu waliowaua baba zao. Jinsi jeshi la upande mmoja lilivyogeuka kuwa jeshi la wote ndiyo habari kubwa iliyomo chini ya filamu hizi, ingawa Tuntematon sotilas yenyewe haiielezi: inamleta tu mwana wa Mwekundu akiwa afisa ambaye kila mtu angependa kumfuata, na wakati huohuo inamweka kikosini mkomunisti aitwaye Lahtinen, ambaye anabishana hadi siku anapokufa kwenye bunduki yake.

Filamu haifichi pia kwamba nidhamu ya lazima ina makali yake. Kuna tukio ambalo askari wawili, waliokataa kurudi kwenye lindo, wanapigwa risasi mbele ya wenzao ili iwe funzo. Laine alilionyesha 1955, na waongozaji waliomfuata walilionyesha pia.

Waliomfuata ni wawili. Rauni Mollberg aliitengeneza upya 1985, kwa rangi, kamera ikiwa mkononi na ikikimbia pamoja na askari, na akachagua waigizaji vijana wasiojulikana. Watazamaji wengine walichukizwa. Mimi naona alifanya jambo la lazima, kwa sababu katika filamu ya Laine askari wanaonekana kama baba za watu, hali wengi wao walikuwa wavulana. Katika ya Mollberg unaziona shingo nyembamba ndani ya kola za sare. Aku Louhimies naye alitoa yake Oktoba 2017, Ufini ilipokuwa ikitimiza miaka 100 ya uhuru, ikatazamwa na watu wapatao milioni moja. Yeye aliifungua milango ya nyumba: tunamwona Rokka akiwa likizo shambani, na mkewe Lyyti akiiendesha nyumba peke yake, mjamzito, kisha akilazimika kuondoka tena. Ukiwa na nafasi ya kutazama moja tu kati ya tatu hizi, mama, tazama hiyo ya 2017. Mwanao amekwisha kutazama ya 1955, na mtakuwa na mengi ya kulinganisha.

Sasa swali lako la pili, kama zinajisifu. Kujisifu waziwazi ni nadra. Kunyamaza ndiko tatizo. Ufini haikutia sahihi mkataba rasmi wa muungano na Ujerumani ya Hitler, lakini ilipigana bega kwa bega nayo, na katika filamu hizi Wajerumani karibu hawaonekani. Katika Karelia ya Mashariki iliyokaliwa, jeshi la Ufini liliwafungia kambini raia wengi wa asili ya Kirusi, hasa katika mji wa Petrozavodsk, na zaidi ya 4,000 kati yao walikufa. Kati ya wafungwa wa vita wa Kisovieti wapatao 64,000, waliokufa mikononi mwa Wafini ni zaidi ya 18,000. Kikosi cha bombomu hakikuwa na kazi kambini, ndiyo. Lakini taifa linalotazama hadithi moja kila mwaka huzoea kuona vita kutoka dirisha moja. Wala hutamkuta katika filamu hizi Arndt Pekurinen, mpinga vita ambaye kifungo chake kilisababisha sheria ya utumishi wa kiraia ya 1931 kupewa jina lake na watu. Alipelekwa mstari wa mbele kwa nguvu mwaka 1941, akakataa sare na silaha, akauawa Novemba mwaka huo bila kesi. Askari wawili wa kwanza walioamriwa kumpiga risasi walikataa. Mwanao anapaswa kumjua huyu pia, kwa sababu haki anayoweza kuitumia leo ilianzia kwa mtu huyo.

Zipo pia filamu za vichekesho vya kambini, nyingi sana, tangu miaka ya 1930. Ile ya 1984 inayomhusu mzembe maarufu Uuno Turhapuro akiwa jeshini ilitazamwa na watu zaidi ya 700,000. Hazina uzito, ila zinaonyesha kwamba karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeujua mkate wa kambi na sauti ya sajini, na aliyeweza kucheka bila kuelezwa.

Jeshi atakalolikuta mwanao si la Rokka. Atakuwa na simu yake, atarudi nyumbani wikendi nyingi, na jioni atakwenda kwenye kantini iendeshwayo na wanawake wa kujitolea, ambako wenzake watamnunulia kahawa na andazi kubwa la sukari ambalo kila Mfini aliyetumikia hulikumbuka. Ataapa au, kama hataki kiapo cha kidini, atatoa ahadi. Atachanganywa na vijana wa kila tabaka, na huenda akawa peke yake wa rangi yake katika chumba chake. Hilo siwezi kukuficha. Pia nchi imebadilika tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 2022: Ufini ilijiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023, na mafunzo ya sasa hayachukuliwi kama desturi ya kupitisha muda. Jeshi la wakati wa vita limepangwa kuwa na watu 280,000, ambao karibu wote ni askari wa akiba kama atakavyokuwa yeye. Mpaka wa Ufini na Urusi una urefu wa kilomita zaidi ya 1,300, na kila kijana anayeingia kambini anajua hivyo.

Tazameni Talvisota kwanza, kwa vipande viwili kama ni ndefu mno kwa jioni moja, kisha Tuntematon sotilas ya 2017, kisha Hiljaisuus. Mwache yeye akufasirie lahaja, kwani askari wale wanatoka mikoa tofauti na hata Wafini wenyewe hutega sikio. Baada ya hapo mwulize anataka nini, na umwambie uliyoyaona Uvira, maana anaweza kuwa hajayasikia kutoka kinywani mwako. Akiamua kwenda, aende akijua. Akiamua kuomba utumishi wa kiraia, ombi hilo linaweza kutolewa siku ya uandikishaji, au baadaye kabla ya kuanza, au hata akiwa amekwisha kuvaa sare.